Sosholojia ni Nini, na Inaisaidiaje Parokia?



Katika vikao vya Halmashauri ya Walei na katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, malalamiko yale yale husikika mwaka hadi mwaka. Vijana wanalipa Kanisa kisogo. Wanaume hawaonekani jumuiyani. Wenzi wanaishi pamoja miaka kumi, wamejaliwa watoto, wala hawajafunga ndoa; uchumba wao umekuwa sugu, na kila Dominika wanabaki kwenye viti wakati wenzao wanapokwenda kupokea Komunyo Takatifu. Jibu nalo huwa tayari hata kabla swali halijamalizika kuulizwa: watu wa siku hizi hawana imani.

Huenda jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, jibu linalofaa kila swali halimwongezei mtu ujuzi wowote. Likishatolewa, kinachobaki ni kukemea, na aliyekemewa huondoka akiwa na shida ile ile aliyokuja nayo. Ipo elimu ambayo kazi yake ni kutufundisha kuuliza zaidi kabla ya kujibu. Elimu hiyo ni sosholojia. Katika makala hii tunaeleza mada zake kuu, kama zinavyofundishwa vyuoni, na kuonyesha jinsi kila mojawapo inavyoweza kumulika jambo moja linalotugusa sote: wingi wa waamini wanaoishi bila Sakramenti ya Ndoa.

Elimu ya namna gani?

Sosholojia, ambayo wengine huiita elimujamii, huchunguza jinsi wanadamu wanavyoishi pamoja: wanavyooana, wanavyolea watoto, wanavyogawana kazi na mali, wanavyotawalana, wanavyosali, na jinsi mambo hayo yote yanavyobadilika. Mwanasaikolojia hutazama nafsi ya mtu. Mwanasosholojia hutazama uhusiano unaowaunganisha watu, pamoja na kaida zinazowaongoza hata pale wasipozitambua.

Hamu ya kuyaelewa mambo haya ni ya zamani. Katika karne ya 14, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika juu ya mshikamano wa ukoo na kabila, akieleza jinsi unavyoinua tawala na jinsi raha za mjini zinavyoudhoofisha. Jina lenyewe la sosholojia lilienea kutokana na Mfaransa Auguste Comte, aliyelitumia katika maandishi yake mwaka 1839. Ufaransa ilikuwa imepitia mapinduzi ya mwaka 1789, na viwanda vilikuwa vimeanza kuwavuta wakulima mijini. Desturi za kale zilikuwa zimetikisika, na watu walitaka kujua ni kitu gani kitakachoishikilia jamii isisambaratike. Comte aliiacha imani Katoliki aliyolelewa nayo, akidhani kwamba sayansi ingechukua nafasi yake. Si ajabu, basi, kwamba waamini wengi waliitazama elimu hii kwa mashaka.

Mama Kanisa hakuishia kwenye mashaka hayo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba viumbe na jamii za wanadamu vina kanuni zake zilizowekwa na Muumba, na ni halali kuzichunguza kwa njia zinazozifaa (na. 36). Tena ulihimiza kwamba katika uchungaji yatumike matokeo ya elimu za kidunia, hasa saikolojia na sosholojia, sambamba na kanuni za taalimungu (na. 62). Mwaka huo huo, hati ya Optatam Totius iliagiza kwamba waseminari wafundishwe kuzitumia elimu hizo ipasavyo. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, kilichochipuka kutoka chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960, kinafundisha sosholojia hadi leo.

Shida ya mtu mmoja na suala la jamii

Mada ya kwanza ni kutofautisha shida ya mtu binafsi na suala la jamii nzima. Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliieleza tofauti hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1959. Katika mji mmoja akikosa kazi mtu mmoja, tutazame tabia yake na ujuzi wake. Wakikosa kazi mamilioni katika taifa moja, haitoshi tena kutafuta kasoro ya kila mmoja wao. Ni lazima tutazame mfumo wenyewe wa kazi.

Tuilete hoja hiyo parokiani. Wakiwepo wenzi wawili tu wasiofunga ndoa, paroko atawaita, atawasikiliza na kuwashauri. Lakini ikiwa karibu kila jumuiya ina wenzi wa namna hiyo, na idadi yao inarudi ile ile mwaka baada ya mwaka ingawa watu wenyewe wanabadilika, basi kuna jambo linalowapita wao binafsi.

Aliyelionyesha hilo kwa nguvu zaidi ni Mfaransa Émile Durkheim, mwana wa rabi wa Kiyahudi. Mwaka 1897 alichapisha kitabu juu ya jambo zito na la siri kuliko yote, yaani watu kujiua. Alilinganisha takwimu za nchi za Ulaya akaona kwamba viwango havibadiliki ovyo: vilikuwa juu zaidi katika maeneo ya Waprotestanti kuliko ya Wakatoliki, na kwa wasio na ndoa kuliko wenye ndoa na watoto. Madhehebu yote mawili yanakataza kujiua. Kwa hiyo, alisema, tofauti haitokani na katazo. Inatokana na jinsi jamii inavyomshika mtu wake, inavyomhitaji na kumtafuta anapokosekana. Wataalamu waliomfuata walizikosoa baadhi ya takwimu zake, wakisema kwamba huenda vifo vya namna hiyo havikuandikwa kwa uaminifu sawa kila mahali. Hata hivyo, swali lake limebaki hai. Jumuiya ambayo haitambui kwamba mwanajumuiya hajaonekana kwa wiki sita haina budi kujiuliza kama kweli inamshika mtu huyo.

Familia na malezi

Mada ya pili ni familia, pamoja na kile ambacho wanasosholojia hukiita ujamiishaji, yaani njia ambayo mtoto hujifunza kuwa mtu miongoni mwa watu. Hakuna azaliwaye akijua kusalimia wakubwa, kupiga ishara ya msalaba au kuona aya. Yote hayo hufundishwa, na zaidi kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Msichana aliyelelewa katika nyumba ambamo bibi, mama na shangazi zake wote waliishi bila ndoa ya Kanisa hakuikataa ndoa hiyo. Hakuiona tu, na mafundisho ya Kipaimara ya miezi michache yanashindana na miaka kumi na mitano ya kutazama.

Katika makabila yetu mengi, tena, ndoa haifanyiki kwa siku moja. Huanza kwa posa, hupita katika mahari inayolipwa kidogo kidogo, na huimarika kwa kuzaliwa kwa watoto. Koo mbili huunganishwa hatua kwa hatua. Sheria ya Kanisa, kwa upande wake, huiona ndoa kuwa imefungwa pale wawili wanapotamka hiari yao mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili (kanuni 1108). Benezeri Kisembo, Laurenti Magesa na Aylward Shorter walilichambua jambo hili katika kitabu chao juu ya ndoa ya Kikristo barani Afrika, kilichotoka mwaka 1977. Wenzi wengi tunaowaita wachumba sugu, machoni pa ukoo wako katikati ya safari. Machoni pa parokia hawajaianza. Tusipozijua kalenda zote mbili, tutazungumza nao bila kuelewana.

Matabaka, mali na heshima

Mada ya tatu ni utengano wa watu katika matabaka. Karl Marx, aliyefariki mwaka 1883, aliona kwamba mzizi wake ni umiliki wa mali: wapo wenye viwanda na wapo wasio na kitu ila nguvu za mikono yao. Kanisa lilikataa ukana Mungu wake na fundisho la uadui wa matabaka, lakini halikuyafumbia macho mateso ya wafanyakazi. Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, akitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kujiunga katika vyama. Hapo Mafundisho Jamii ya Kanisa yalipata msingi wake wa nyakati hizi.

Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, aliongeza jambo muhimu: watu hawatofautishwi na mali peke yake, bali pia na heshima wanayopewa na wenzao. Maskini anaweza kuwa na heshima kubwa, na tajiri akadharauliwa. Ili kuilinda heshima, watu hutumia hata kile wasichokuwa nacho. Weber alisisitiza pia kwamba hatuwezi kulielewa tendo la mtu kabla hatujajua maana ambayo yeye mwenyewe analipa tendo hilo.

Tuzitazame harusi zetu kwa jicho hilo. Adhimisho la Sakramenti ya Ndoa halidai ukumbi, wala gari la kukodi, wala sare za kamati. Lakini katika miji yetu mingi harusi imekuwa kipimo cha heshima. Vikao hukaa miezi mitatu, kadi za michango husambazwa, na familia isiyoweza kulisha wageni mia mbili huona afadhali isubiri kuliko kuaibika. Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine husubiri mwaka huu, na ujao, na unaofuata. Ukimwuliza, hatasema kwamba anaidharau sakramenti. Pengine atasema anaiheshimu mno kuifunga kwa aibu. Papa Fransisko aliliona hilo katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alipofundisha kwamba mara nyingi wanaoishi pamoja bila ndoa hawasukumwi na chuki dhidi ya sakramenti, na kwamba katika baadhi ya nchi gharama za sherehe na umaskini ndivyo vinavyowasukuma huko (na. 294).

Dini na mabadiliko ya jamii

Mada ya nne ni dini yenyewe jinsi inavyoishiwa na watu, na mada ya tano, iliyo jirani yake, ni mabadiliko ya jamii. Hapa mfano wa Kanisa la Ufaransa unatufaa sana. Mwaka 1931 Gabriel Le Bras, mtaalamu wa sheria za Kanisa, alitoa mwito kwamba hali ya utendaji wa dini ichunguzwe parokia kwa parokia: ni wangapi wanaohudhuria Misa ya Dominika, ni wangapi wanaotimiza wajibu wa Pasaka, ni wanaume au wanawake, ni wa umri gani. Mwaka 1943 mapadre Henri Godin na Yvan Daniel waliuliza, katika kitabu kilichowashtua wengi, kama Ufaransa haikuwa imegeuka nchi ya misioni, kwa kuwa umati wa wafanyakazi wa Paris haukuwa tena na uhusiano na Kanisa. Mwaka 1947 Padre Fernand Boulard akachapisha ramani ya utendaji wa dini vijijini, na tofauti kati ya eneo na eneo zikaonekana wazi.

Le Bras alikuwa na usadikisho mmoja uliojulikana sana. Alisadiki kwamba katika kila wanavijiji mia moja waliohamia Paris, karibu tisini waliacha kushiriki ibada mara tu walipotoka katika kituo cha treni cha Montparnasse. Aliusema kama usadikisho wake, si kama hesabu aliyoifanya. Lakini tuupime uzito wake. Mtu yule aliyepanda treni akiwa Mkatoliki mwema hakusoma kitabu cha wakana Mungu njiani. Alichokipoteza ni kijiji: kengele, majirani, mama aliyemwamsha, paroko aliyemjua kwa jina. Imani yake ilikuwa imeegemea nguzo ambazo hazikusafiri naye.

Ni vijana wangapi wanaoshuka leo katika vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi wakiwa katika hali hiyo hiyo? Nyumbani walikuwa waimbaji wa kwaya na watumishi wa altareni. Mjini wamepanga chumba kimoja, wanafanya kazi hadi Dominika, na hakuna anayewajua. Maaskofu wetu katika AMECEA walilitambua hitaji hili mapema. Walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliazimia kuyajenga maisha ya Kanisa juu ya jumuiya ndogo za mahali watu wanapoishi, na mwaka 1976 wakazifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya iliundwa ili mtu asiwe mgeni kanisani. Iwapo wapangaji wa nyumba za chumba kimoja hawajawahi kubishiwa hodi na jumuiya, basi lengo lile halijatimia kwao.

Namna ya kuuliza

Mada ya mwisho ni mbinu za utafiti. Mwanasosholojia hukusanya habari kwa hojaji, kwa mahojiano, kwa kusoma kumbukumbu zilizoandikwa, na kwa kukaa miongoni mwa watu akitazama. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alitoa mfano bora katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya watu weusi wa jiji la Philadelphia. Wengi walikuwa wamekwisha kuamua kwamba umaskini na uhalifu katika mtaa ule vilitokana na tabia ya watu weusi. Du Bois alikwenda nyumba kwa nyumba, akauliza, akaandika, akahesabu. Akaonyesha jinsi urithi wa utumwa, ubaguzi katika ajira na kodi kubwa za nyumba vilivyowabana. Wahenga wetu walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Parokia haihitaji fedha nyingi kuanza. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vimo ofisini, na fomu za ubatizo katika parokia nyingi huuliza kama wazazi wana ndoa. Katekista na viongozi wa jumuiya wakikaa siku mbili na vitabu hivyo, wataweza kujua kama idadi ya wasio na ndoa inaongezeka au inapungua, na katika vigango gani. Kisha wawaulize wenzi wenyewe, kwa faragha na kwa heshima: ni nini kinachowazuia? Ni mahari, ni sherehe, ni wazazi wa dini tofauti, ni kifungo cha ndoa ya awali, au ni hofu ya kuachwa? Majibu yahesabiwe bila majina, na siri ya mtu isitoke mezani. Utafiti unaomwaibisha mtu mbele ya jirani zake ni umbeya, hata ukiandikwa kwa takwimu.

Mipaka ya elimu hii

Sosholojia ina mipaka yake. Inaweza kuhesabu wanaohudhuria Misa. Haiwezi kupima neema. Inaweza kueleza kwa nini wengi huanguka mahali fulani. Haiwezi kumwondolea mtu dhamiri na hiari yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Reconciliatio et Paenitentia ya mwaka 1984, alifundisha kwamba tunaweza kusema juu ya dhambi ya kijamii, lakini msingi wake daima ni dhambi za watu binafsi: wanaotenda uovu, wanaounufaisha, na wanaoweza kuuzuia wakanyamaza (na. 16). Hapo kila upande unapata fundisho. Wenzi hawawezi kusema kwamba jamii ndiyo iliyowaamulia. Na wale wanaodai mahari isiyolipika, au wanaoidharau harusi isiyo na ukumbi, hawawezi kusema kwamba jambo hilo haliwahusu.

Mtumishi wa Mungu Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakatoliki mwaka 1925, aliwafundisha vijana hao hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mtakatifu Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo katika waraka wa Mater et Magistra wa mwaka 1961 (na. 236). Sosholojia inatusaidia katika hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni ya Injili, na ya tatu ni ya mikono yetu. Tatizo huja tunaporuka ya kwanza na kuanzia kwenye hukumu.

Parokia iliyoona vizuri itajua pia la kufanya. Ikigundua kwamba kikwazo ni sherehe, itaandaa ndoa za pamoja katika Misa ya Dominika, na jumuiya itapika chakula cha kawaida kwa furaha. Ikigundua kwamba ni mahari, wazee wa jumuiya watakwenda kuzungumza na wazazi. Ikigundua kwamba ni kifungo cha ndoa ya awali, shauri litapelekwa kwa paroko na mahakama ya Kanisa mapema. Na popote kikwazo kilipo umaskini, tukumbuke kwamba sheria ya Kanisa inakataza wahitaji wanyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao (kanuni 848).

Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wafuasi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lao, akamponya yule mtu. Wenzi wale wanaobaki kwenye viti kila Dominika wamesubiri muda mrefu. Katika mkutano wa jumuiya wiki hii, swali letu la kwanza kwao na liwe hili: tuwasaidieje ili nanyi mfike mezani pa Bwana?